Pima Kwanza, Ndipo Ununue Spea: Maneno Makali Kuhusu Magari Yetu ya Zamani



Leo tuiache pamba, tuiache na mihogo. Nataka tuzungumze kuhusu yale magari ya zamani yaliyoko kwenye nyua zetu. Kuna Land Rover iliyoachwa na mzee, kuna Peugeot 504 pikapu iliyopakwa rangi mara tano, kuna Hilux ya kabureta ambayo mwenyewe ukimwambia aiuze anakuangalia kama umemtukania mama. Haya ni magari ya mapenzi. Mtu anayalea kama anavyolea ng'ombe wa jina. Lakini msimu wa pamba ukifika, gari hilo hilo la mapenzi ndilo linalobeba mafurushi kwenda AMCOS, ndilo linalobeba nyanya kutoka mabondeni, na usiku ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitalini. Likigoma, watu wanaumia.

Mimi ni bwana shamba. Mtaniuliza injini zimenihusu nini. Zimenihusu kwa sababu mazao hayatembei yenyewe kwenda sokoni, na kwa sababu nimechoka kuona mkulima anavuna vizuri halafu faida yote inaishia gereji chini ya mwembe. Nasema bila kuzunguka: magari mengi ya zamani hapa kwetu yanauawa na msemo mmoja. Msemo wenyewe ni huu: "Tubadilishe hiki, tuone."

MBUZI WATATU KWA TUNDU LILILOZIBA

Chukueni kisa hiki, cha mfanyabiashara mmoja wa nyanya ambaye jina lake nalihifadhi. Pikapu yake ya petroli ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, inakwenda dakika kumi na tano hivi, halafu inakata pumzi na kuzima. Akipumzika chini ya mti kidogo, inawaka tena. Inakwenda, inazima.

Fundi wa kwanza akasema koili inapata joto. Ikanunuliwa koili mpya. Gari likazima. Akasema basi ni plagi. Zikanunuliwa plagi nne. Likazima. Fundi wa pili akasema kabureta imechoka. Ikaletwa nyingine kutoka Mwanza, si mpya, imetolewa kwenye gari lililokufa. Likazima, na sasa likaanza kula mafuta kuliko zamani. Fundi wa tatu akataka pampu ya mafuta. Hapo mbuzi watatu walikuwa wameshaondoka zizini, na tenga za nyanya zilikuwa zimeoza barabarani mara mbili.

Ugonjwa ulikuwa nini? Kifuniko cha tangi la mafuta kilikuwa kimepotea, na mtu akaziba mdomo wa tangi kwa nailoni na kitambaa, akafunga kwa mpira. Tangi la mafuta linatakiwa lipumue. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kuziba nafasi yake. Hewa isipoingia, pampu inavuta, inavuta, mwisho inashindwa, kabureta inakauka, gari linazima. Ukipumzika, hewa inapenya kidogo kidogo, gari linawaka. Kipimo chake hakigharimu hata shilingi: gari likizima tu, nenda ukafungue mdomo wa tangi na utege sikio. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, halafu gari likawaka palepale, umeshapata jibu.

Mafundi watatu. Hakuna aliyefungua mdomo wa tangi. Wote walifungua pochi ya mwenye gari.

TULIKATAA UPUUZI HUU KWENYE HOMA, KWA NINI TUNAUKUBALI KWENYE INJINI?

Kumbukeni tulikotoka. Zamani kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akichemka, anapewa dawa ya malaria, basi. Kama homa ilikuwa ya kifua au ya tumbo, mtoto alizidi kuumia huku tukidhani anatibiwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Leo ukienda zahanati yoyote mtoto anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kipimo kidogo, mnasubiri dakika kama ishirini. Mama wa Manyamanyama akiandikiwa dawa bila kipimo siku hizi, anauliza: mbona hujampima?

Shambani ni hivyo hivyo. Kila mwaka nawaambia: kagua pamba kabla ya kupulizia. Hesabu funza. Anayepulizia kwa kuangalia jirani amepulizia, anachoma fedha na anaua wadudu rafiki. Mnanielewa, na wengi mnafanya.

Sasa mama huyo huyo na mkulima huyo huyo wakifika gereji, akili wanaiacha getini. Fundi anasema "leta koili", wanaleta koili. Hakuna anayeuliza: fundi, umejuaje kwamba ni koili? Nionyeshe.

KOSA SI LA FUNDI PEKE YAKE

Nisiwaonee mafundi. Wengi wao ni vijana wenye mikono ya dhahabu, wamejifunza kwa kushika spana wakiwa wadogo, na wanafufua vitu ambavyo mwenye kiwanda mwenyewe angevitupa. Fundi mmoja aliniambia neno ambalo lilinikaa: "Bwana shamba, nikimwambia mteja anilipe kwa kupima tu, anacheka, anaenda kwa jirani. Nikimwambia alete spea, analipa bila maneno."

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Sisi wenye magari tunalipia kitu kinachoshikika. Koili unaishika, unaiona inang'aa kwenye boksi, unaona fedha yako imepata mwili. Nusu saa ya fundi kufikiri na kupima hatuioni, kwa hiyo tunataka iwe bure. Basi fundi naye afanye nini? Ana watoto. Anakula kwa kufunga na kufungua. Ukimlipa kwa kubadilisha, atabadilisha. Ukimlipa kwa kutafuta ugonjwa, atautafuta.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na nitaisimamia popote: upimaji uwe kazi yenye bei yake. Mkubaliane kabla ya boneti kufunguliwa: "Fundi, hii ni ya kupima. Ukishapata ugonjwa, nionyeshe, ndipo tuzungumze spea na ufundi." Hata kama ugonjwa utakuwa waya uliolegea, fundi apate haki yake yote na asionekane amekula bure. Fundi aliyekutoza elfu kumi akakaza waya, amekufaa kuliko aliyefanya kazi ya bure baada ya kukununulisha pampu usiyoihitaji.

"LAKINI FUNDI WANGU ANASIKIA KWA SIKIO"

Najua majibu mtakayonipa, nami nayajibu.

Wa kwanza atasema fundi wake ana uzoefu wa miaka thelathini, anasikia mlio tu anajua. Vizuri. Sikio ni chombo kizuri cha kuanzia. Lakini sikio linakwambia wapi pa kupima, haliwi ndicho kipimo. Kama sikio limesema silinda ya tatu inamisi, kuthibitisha ni kazi ya dakika moja: injini ikiwa inaunguruma taratibu, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa wa silinda nzima, mlio unabadilika na injini inalegea. Ukichomoa wa silinda mbovu, hakuna kinachobadilika. Fundi mwenye sikio kweli haogopi jaribio hilo.

Wa pili atasema vipimo ni ghali. Si kweli. Magari haya hayana kompyuta. Hayo ya kisasa ndiyo yanataka mashine ya kusoma makosa. Gari la kabureta linapimwa kwa taa ndogo ya tasta, mita ya umeme ya mkononi, fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), geji ya mgandamizo, chupa nyeupe, na macho. Vyote pamoja havifiki bei ya ovahoo moja, na vijana wanne wa gereji moja wanaweza kuchangia.

Wa tatu atasema gari ni la zamani mno, liuzwe chuma chakavu. Huyo namwambia: injini ya Land Rover Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, mtu mwenye kitabu na spana za kawaida anaifungua na kuifunga. Uzee wake ndio urahisi wake. Kinachokosekana si kompyuta, ni utaratibu.

MASWALI MATATU, KWA MPANGILIO

Injini ya petroli ikigoma au ikikosa nguvu, inakosa moja kati ya vitu vitatu: cheche, mafuta, au mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hakuna cha nne cha kichawi. Lakini kabla ya yote matatu, angalia umeme wa kuzungushia injini.

Kwanza betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, mita inasoma kama 12.6. Gari likiwaka na chaji ikiingia, isome kati ya 13.8 na 14.4. Stata ikiwa nzito, msikimbilie kununua stata. Weka mita, mguu mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, halafu mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, ugonjwa uko kwenye waya wa ethi: umelegea au umeota kutu. Safisha kwa msasa, kaza. Nimeona betri mpya na stata mpya vikinunuliwa kwa ajili ya nati moja yenye kutu.

Pili cheche. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze chuma chake kiguse injini mbali na tundu la plagi, kwa kuwa mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kulipuka. Ishikwe kwa koleo lenye mpira, mtu apige stata. Cheche ya buluu, yenye kishindo, ni nzuri. Cheche ya njano iliyolegea, au hakuna kabisa, rudi nyuma hatua kwa hatua: waya, kifuniko cha distribyuta (je, kina ufa au unyevu?), platini, kondensa, na koili mwisho. Kwenye Series III ya petroli ya lita 2.25, nafasi ya platini ni milimita 0.35 hadi 0.40, na ya plagi ni 0.75 hadi 0.80. Platini zikiungua upesi na ukaona zinatoa cheche kubwa zenyewe, shuku kondensa. Na kabla ya kuchomoa nyaya za plagi, ziandikeni namba kwa plasta. Injini nyingi za silinda nne, Land Rover hiyo ikiwemo, zinafuata mpangilio wa 1-3-4-2. Nyaya mbili zikibadilishana, gari linapiga risasi kwenye bomba, na siku nzima inapotea mkidhani ni kabureta.

Tatu mafuta. Injini ikiwa baridi, chomoa waya mkubwa wa koili ili cheche isitokee, toa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa nyeupe. Sigara iwe mbali. Piga stata. Mafuta yaruke kwa vishindo. Yasiporuka, rudi nyuma: filta, pampu, mpira uliopasuka, tangi. Yakiruka, acha chupa itulie nusu saa uangalie chini. Maji yanakaa chini ya petroli, na kutu inaonekana kama vumbi la matofali. Kama kuna maji na kutu, kubadilisha kabureta ni kumvisha shati jipya mtu mwenye kidonda bila kukiosha. Oshwa tangi kwanza.

Hapa niseme pia kuhusu petroli ya chupa. Wengi mnakumbuka neno "kuchakachua" lilivyoenea nchi nzima. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya kusilipe. Hatua hizo zilisaidia, lakini chupa inayouzwa kando ya njia haina kinasaba unachoweza kukiona kwa macho. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka haraka na haiachi doa la mafuta. Tone likiacha doa la mafuta, usilitie kwenye gari. Mafuta ya taa kwenye petroli yanafanya injini igonge kama nyundo mlimani na kuacha masizi, na fundi wa "tubadilishe tuone" atakwambia pistoni zimelegea.

HESABU YA OVAHOO NA HEWA YA BUNDA

Sasa nafika kwenye dhambi kubwa. Gari likikosa nguvu, fundi anasema: "Ringi zimekwisha, tufanye ovahoo." Ovahoo ni ng'ombe, wakati mwingine ni mkopo wa VICOBA. Na injini iliyofunguliwa uani, kwenye vumbi, bila vipimo, mara nyingi hairudi ilivyokuwa.

Mwambie fundi apime mgandamizo kabla. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, waya wa koili uchomolewe, geji iwekwe kwenye tundu moja baada ya jingine, mguu ukanyage mafuta hadi mwisho, stata ipigwe mizunguko ileile kwa kila silinda. Andikeni namba nne kwenye karatasi.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Uingereza havimwambii fundi wa Bunda. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bunda iko juu ya ziwa. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane. Injini nzima kabisa itasoma chini ya kitabu hapa. Kwa hiyo msilinganishe na kitabu tu, linganisheni silinda kwa silinda. Zote nne zikikaribiana na zisiwe zimeshuka sana, ringi si tatizo la kwanza, tafuteni kwingine. Silinda moja ikiwa chini kwa robo nzima, ndiyo mgonjwa. Tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda hiyo, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi zimelegea. Isipopanda, angalieni valvu au gasketi ya hedi. Na kabla ya kulaumu valvu, pima nafasi zake kwa fila geji. Kwenye Series III hiyo ya petroli ni milimita 0.25, na kuirekebisha ni kazi ya spana na bisibisi.

Kwa nusu saa umejua kama unahitaji ovahoo, au kusaga valvu tu, au hakuna lolote. Fundi anayekataa kupima haya na bado anataka ng'ombe wako, mnyang'anye spana kwa heshima.

KUCHEMSHA, NA THAMOSTATI INAYOTUPWA KICHAKANI

Ugonjwa wa pili unaoua magari yetu ni kuchemsha. Dawa ya mitaani inajulikana: toa thamostati, tupa. Eti hapa ni nchi ya joto, haihitajiki. Huo ni uongo unaorithishwa kutoka gereji hadi gereji. Thamostati ndiyo inayoifanya injini ifikie joto lake na kukaa hapo. Bila hiyo, injini inakwenda baridi asubuhi, inakula mafuta mengi, oili inachafuka, silinda zinalika. Na kwenye injini zenye njia ya pembeni ya maji, ukiitoa, maji mengi yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na kuchemsha kunaweza kuzidi badala ya kupungua.

Ipime. Ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Imeandikwa namba ya joto lake, mfano 82. Maji yakipita hapo ifunguke, yakipoa ijifunge. Ikifanya hivyo, irudishe kwa heshima.

Tena kuna jambo la urefu wetu kutoka baharini. Maji ya wazi hapa Bunda hayangoji nyuzi 100 kuchemka. Yanachemka kama nyuzi 96. Kinachookoa injini ni kifuniko cha rejeta, kwa sababu kinayabana maji. Kifuniko cha pauni 9, kama cha Land Rover za zamani, kinasogeza kiwango hicho juu kwa nyuzi kama 15. Kifuniko kikilegea mpira, au mtu akikibadilisha kwa kopo na kitambaa, ulinzi huo wote unatoweka. Maji yanachemka, yanamwagika, hedi inapinda, na gasketi inaungua. Kifuniko hakizidi bei ya jogoo. Hedi ni ng'ombe. Lakini msiweke chenye pauni nyingi kuliko kilichotakiwa, maana rejeta ya zamani itapasuka. Na msikifungue injini ikiwa ya moto, maji yale yanababua uso.

Angalieni pia mkanda wa feni, mipira ya maji, na mapezi ya rejeta yaliyozibwa na mbegu za nyasi na wadudu. Maji ya kisima yenye chumvi yanajenga ganda ndani ya rejeta kama yanavyojenga kwenye birika. Kingeni maji ya mvua, na mkiweza changanyeni na kuleti ya dukani. Mkishuku gasketi ya hedi, washeni injini ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi. Viputo vikitoka mfululizo, au oili kwenye kijiti ikiwa kama chai ya maziwa, hapo ndipo hedi ifunguliwe. Kabla ya hapo, hapana.

KWA WENYE DIZELI NA MASHINE ZA KUSAGA

Mnaotumia dizeli msidhani haya hayawahusu. Moshi wenyewe ni kipimo. Moshi mweusi, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa, anza na filta ya hewa, hasa ukiwa unapita kwenye vumbi la njia za kijijini. Moshi wa buluu, inakula oili. Moshi mweupe usioisha injini ikishapata joto, mafuta hayaungui sawasawa au maji yanaingia. Na injini ya dizeli iliyoishiwa mafuta njiani, toeni hewa kwenye mipira na filta kabla ya kumwita mtu aje afungue nozeli. Hewa haitibiwi kwa nozeli mpya.

NINAYOTAKA KUTOKA KWENU

Kwa wenye magari, nataka mambo manne. Lipieni upimaji. Kila spea inayotolewa, ichukueni mkononi, fundi awaonyeshe ubovu wake. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe. Mkibadilisha vitatu pamoja, hata likipona hamtajua kilichoponya. Na wekeni daftari: tarehe, dalili, kilichopimwa, namba zilizosomwa, kilichobadilishwa. Daftari la mwaka mmoja linamsaidia fundi mgeni kuliko maelezo ya saa nzima. Spea ya zamani inayofanya kazi msiitupe, kwa sababu mpya kwenye boksi linalong'aa inaweza kuwa bandia, na siku ikifa njiani ile ya zamani ndiyo itakayokurudisha nyumbani.

Kwa mafundi, jipangieni bei ya kupima na muisimamie wote, isiwe huyu anatoza na yule anafanya bure ili ampokonye mteja. VETA ina mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani: unapimwa unachokijua, unajaziwa pengo, unapata cheti. Utaratibu wa kupima ndio utakaowatofautisha ninyi na mtu mwenye spana tu.

Kwa wenye maduka ya spea, mteja akija na neno la fundi peke yake, mwulizeni: kimepimwa? Utapoteza mauzo ya siku moja. Utampata mteja wa miaka kumi.

Ununuzi wa pamba kwa kawaida unafunguliwa Mei. Atakayengoja hadi mafurushi yako juu ya gari ndipo agundue linamisi, atakuwa mikononi mwa yeyote mwenye spana njiani, na hapo ndipo "tubadilishe tuone" inapochukua bei ya juu kabisa. Wiki hii, kabla hujalala siku ya mapumziko, fungua boneti ufanye vitu vitatu tu: soma betri kwa mita, kagua mpira wa kifuniko cha rejeta, na uhakikishe tangi lako la mafuta linapumua.